Nimekimbizana na jua mpaka Ukonga

Jumapili mwinjilisti alitufundisha Waefeso 4:26, mwe na hasira ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Akakazia kwamba Paulo hajakataza mtu kukasirika, kaweka dedilaini tu, na mstari wa 27 unasema msimpe Ibilisi nafasi, maana yake ukilala na kinyongo ushamfungulia mlango. Nikaandika kwenye daftari na mstari nikapiga chini.

Wiki hiyohiyo nipo kibandani kwangu Kariakoo napitia picha za watu WhatsApp, nakutana na fundi wangu wa nguo yuko kwenye sendofu, kavaa shati langu. Sio linalofanana, LANGU, kitenge changu mwenyewe chenye kasuku wa bluu, ambalo tangu Pasaka ananiambia "njoo kesho kaka, bado vifungo tu". Sasa vifungo vyote vipo jamani, kavifunga mpaka shingoni na mkononi kashika sahani ya pilau.

Nilichemka. Nilitaka kumpigia nimpe maneno ya kumtoa nishai, nikakumbuka dedilaini. Mwezi wa saba Dar jua linazama saa 12 na dakika 20 hivi, na hapo ilishafika saa 11 kasoro, na Mithali 15:1 inasema jawabu la upole hugeuza hasira, basi nikafunga kibanda nikadandia daladala ya Gongo la Mboto niende kwa fundi kule Ukonga, nimsamehe uso kwa uso.

Foleni ya Buguruni mnaijua. Jua linashuka, gari haliendi, mie nimebanwa dirishani na mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa, najikumbusha kwamba hata nabii Yona alitaka kufa kisa mtango umenyauka, na shati la kitenge ni zaidi ya mtango bana, ila Mungu alimuuliza tu taratibu, unatenda vema kukasirika? Nikatulia.

Nashuka Banana, namwambia konda naomba chenji yangu mia nne, ananiangalia anasema "nishatoa mzee" anagonga bodi twende. Mzee! Nina miaka 34! Hapo nikalipuka, nikamwita jina ambalo sitaliandika hapa, gari likaondoka.

Nimesimama pale kituoni natetemeka, ndo nikashtuka. Nimekuja kupunguza hasira moja sasa ninazo mbili na jua limeshagusa mapaa. Nikamwita bodaboda, "wahi ile daladala, namtafuta konda!"

Kosa sikumwambia namtafutia nini. Yule kijana akajua nimeibiwa. Alipita kulia, alipita kushoto, alipita juu ya mifereji, tumefika kituo cha Mombasa kaikatia gari mbele anapiga kelele "MSHIKENI KONDA HUYO!" Kufumba na kufumbua konda kashikwa kola na wabeba mizigo wawili, abiria wote vichwa nje, watu wamejaa. Wote wananitazama mimi niseme alichonifanya.

Nikasema, "Jamani mwacheni, nimekuja kumsamehe."

Kimya. Dereva akauliza kondoo huyu katoka wapi. Dada mmoja akadhani ni wale wahubiri wa kwenye magari, akaniambia mtumishi niombee na mimi mguu. Konda anajinyoosha shati, ananiuliza unisamehe nini sasa, mbona mia nane yenu wote wawili nilimpa yule mama wa dagaa nikawaambia mtagawana?

Mama wa dagaa alishuka Tazara.

Ikabidi mimi ndo niombe msamaha, mbele ya umati, kwa ajili ya lile jina. Konda akasema yameisha mzee. Boda akataka buku tatu, na hiyo hesabu nikaimeza kimyakimya.

Narudi Banana kigiza kinaingia, namkuta fundi kainama anapiga pasi ya mkaa, na anachokinyoosha ni shati langu, harufu ya pilau inapanda na mvuke.

"Bwana asifiwe kaka! Yaani una bahati, ndo namalizia. Lilikuwa linanibana kwapani, nimelilegeza."

LINANIBANA. Nikachungulia nje kuangalia mbingu, jua lishazama kitambo. Nikamwambia fundi, hiyo ya kwapani nitakuja kuikasirikia kesho saa 12 asubuhi, niwe na siku nzima.