Mwenye Kuhesabu Hakuhesabiwa

Afisa usalama wetu kazini alikuwa mtu wa mabango. Penye ngazi palikuwa na bango la kushika reli, juu ya mashine ya kunakili palikuwa na bango la kuonya juu ya vidole, na pembeni mwa mlango wa lifti aliandika kwa wino mwekundu kwamba king'ora kikilia lifti isitumiwe na mtu yeyote, awe na cheo gani. Maneno hayo ya mwisho aliyapigia mstari mara mbili, nasi tukadhani anamsema mkurugenzi kwa mafumbo.

Ulipokaribia mwezi wa Aprili alizidi kuchangamka. Tarehe 28 ya mwezi huo ni Siku ya Usalama na Afya Kazini Duniani, ambayo Shirika la Kazi Duniani limekuwa likiiadhimisha tangu mwaka 2003, na yeye aliamua kwamba safari hii tutaiadhimisha kwa zoezi kamili la kujiokoa na moto. Kwanza alitukusanya ukumbini akatufundisha, na kwa haki ya Mungu alifundisha vizuri. Alituonyesha kizimamoto cha unga na jinsi ya kukitumia: unavuta pini, unaelekeza mdomo wa mpira kwenye kitako cha moto wala si kwenye ndimi zake, unabana mkono, kisha unapeleka huku na huku mpaka moto ulale. Alieleza kwa nini maji hayamwagwi kwenye kifaa chenye umeme. Akaja kwenye lifti, na hapo ndipo alipokunja mikono ya shati. Shimo la lifti, alisema, wakati wa moto hugeuka bomba la moshi. Umeme unaweza kukatika ukiwa katikati ya safari. Na lifti yenyewe inaweza kukufungulia mlango kwenye ghorofa ileile inayoungua.

Kisha akagawa majukumu. Mimi nilikabidhiwa ghorofa ya tatu pamoja na kizibao cha kung'aa kilichonifika magotini. Mama wa mapokezi alipewa orodha ya wafanyakazi na daftari la wageni ili aite majina tutakapofika mahali pa kukusanyikia. Fundi umeme aliagizwa kwamba akisikia king'ora azime swichi kuu, aifunge kwa kufuli lake, atundike kibao cha "Usiwashe", na asiiwashe tena hadi apate ruhusa ya afisa usalama ana kwa ana. Si kwa simu, wala si kwa kutumiwa mtu. Fundi wetu ni mzee mpole wa maneno machache ambaye, akishashika agizo, hata tetemeko la ardhi halimtoi.

"Na tufanye kana kwamba jengo linaungua kweli," afisa alihitimisha. "Sitaki maigizo."

King'ora kililia kabla ya saa sita mchana. Nilianza kupita chumba hadi chumba kama nilivyofundishwa, nikikagua vyoo, nikifunga milango bila kutia ufunguo, nikiwahimiza watu waache vitu vyao. Kuacha vitu ni somo gumu. Mhasibu alisema anamalizia safu moja tu ya hesabu. Kijana wa masoko alirudi mara mbili, mara ya kwanza kuchukua chaja na mara ya pili kuchukua simu ya kuchaji. Tulipofika kwenye mlango wa dharura tukaukuta umezibwa na maboksi hadi usawa wa kifua. Tuliyasogeza kwa pamoja huku king'ora kikitupasua masikio, na boksi moja likachanika: ndani mlikuwa na mabango mapya yaliyoandikwa "Usizibe mlango wa dharura", yaliyokuwa yakisubiri kubandikwa.

Tuliteremka kwa ngazi, tukatoka uani, tukajipanga juani. Mama wa mapokezi akaita majina, kila mmoja akaitika, na daftari la wageni likaonyesha kwamba siku hiyo hapakuwa na mgeni. Orodha ilikuwa imetimia. Taa zote za jengo zilikuwa zimezimika, na fundi alikuwa amesimama mbele ya chumba cha swichi, ufunguo wa kufuli ukiwa mfukoni mwake. Kilichobaki ni afisa usalama kutokea, kusimamisha saa yake ya kupimia muda na kutupa ruhusa ya kurudi ndani, kwa kuwa kanuni ya zoezi ilikataza mtu yeyote kurudi bila kauli yake.

Tukasubiri, na kivuli kikazidi kutukimbia. Mkurugenzi akaangalia saa, kisha akaangalia mbingu. Hatimaye mama wa mapokezi, ambaye macho hayajawahi kumtoka kwenye karatasi ile, akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi mwanangu, mwenyewe aliyeiandika orodha hii jina lake liko wapi?"

Tukaisoma juu hadi chini. Halikuwamo.

Simu yangu iliita wakati huohuo. Alikuwa yeye, na alinong'ona.

"Mko wote salama?"

"Sote salama, mkuu. Uko wapi?"

"Niko njiani."

"Njia ipi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yuko kati ya ghorofa ya tatu na ya pili. Nilimwambia ngazi zile nimezikagua mwenyewe na hazina mtu. Akanyamaza tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, na katika ukimya ule nikasikia kengele ya lifti ikilia kwa unyonge.

Baadaye alieleza kwamba alitaka kututangulia chini ili apime muda wetu kwa usahihi, na kwamba zoezi si moto. Lakini fundi alikuwa ameambiwa hakuna maigizo, na swichi aliizima bila kuigiza.

Kwa upande wake afisa alishika mafunzo yake barabara. Hakujaribu kupanua mlango, maana alijua kwamba wanaoumia katika lifti zilizokwama mara nyingi ni wale wanaojilazimisha kutoka na kutumbukia shimoni. Hakuhofia hewa, kwa kuwa chumba cha lifti kina upenyo wa kutosha. Hakuhofia hata kuanguka, na jambo hilo alinieleza kwa kirefu kwenye simu bila mimi kumuuliza: kwamba umeme ukikatika breki hujibana zenyewe, na kwamba mwaka 1854 huko New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa la lifti mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe, na jukwaa likanasa palepale. Nilimsikiliza hadi mwisho. Nadhani hadithi ile alikuwa akijisimulia mwenyewe.

Tukamwendea fundi tukamwomba awashe umeme.

"Siwashi," akasema, "mpaka nipate ruhusa ya afisa usalama ana kwa ana."

"Mzee wangu, afisa usalama ndiye aliyekwama."

"Basi akitoka aje aniruhusu."

Nikampa simu, akaikataa kwa heshima kwa kuwa simu ilikuwa imekatazwa kwa jina. Afisa, ambaye kumbe alipanda lifti na kipaza sauti chake cha mkononi, akatangaza ruhusa kutoka humo ndani kwa sauti iliyofika hadi uani na kutisha ndege. Fundi akasikiliza kwa makini, akakiri kwamba sauti anaitambua, ila uso hauoni. Mkurugenzi akaingilia kati kwa ukali kidogo. Fundi akavua kofia, akamwamkia upya, kisha akamkumbusha yale maneno ya wino mwekundu: awe na cheo gani.

Siwezi kumlaumu mzee yule. Kufuli la namna hiyo huwekwa hasa ili asitokee mtu mwenye haraka au mwenye cheo akawasha umeme huku mwingine ana mkono ndani ya mashine, na siku ambayo fundi atakubali kubembelezwa ndiyo siku ya kuogopa.

Ikabidi tuufungue mpango wenyewe wa dharura, kurasa zote, pale pale juani. Ulisema kwamba afisa usalama asipokuwapo, ruhusa itatolewa na naibu wake. Tukatafuta jina la naibu. Palikuwa na nukta nyingi, na mbele yake neno moja: "Atateuliwa."

Mkurugenzi aliomba kalamu, akanitazama, akatazama kizibao changu, akaandika jina langu juu ya zile nukta. Nikamgeukia fundi na kumruhusu ana kwa ana. Akaniuliza kama nimehakikisha hakuna mtu anayeshika waya popote. Nikamjibu kwamba nimehakikisha. Ndipo akatoa ufunguo, akafungua kufuli, akakunja kibao chake akakitia mfukoni, na taa zikawaka.

Lifti iliposhuka na mlango kufunguka, afisa alitoka shati limemganda mgongoni, saa ya kupimia muda ingali inatembea mkononi. Akaibonyeza, akaisoma, na kabla ya kusalimia mtu akatujulisha kwamba tumechelewa mno.

Taarifa aliiandika jioni ileile, kwa sababu ni mtu wa haki. Alieleza kwamba mfanyakazi mmoja alikiuka agizo la lifti, kwamba mhusika amepewa onyo na kurudiwa somo, na kwamba amekiri kulielewa. Chini palitakiwa saini ya mhusika na saini ya aliyemfundisha. Zilifanana hadi kwenye mkia. Katika zoezi lililofuata jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na kwa kuwa siku hiyo mama wa mapokezi alikuwa likizo, aliita majina mwenyewe: akalisoma la kwanza kwa sauti, akatuangalia, akajiitikia "Nipo!", kisha akajiwekea alama.