Ubuyu nilioumwaga London

Kabla hamjamaliza kumsikiliza yule rafiki yangu wa kijiwe cha Sabasaba, anayetangaza kwamba nilizimia London nikabebwa na gari la wagonjwa, nisikilizeni mimi mwenye magoti. Sikuzimia. Nilikaa chini. Na gari la wagonjwa halikuja, kilikuja kisanduku cha huduma ya kwanza tu. (Aliyempa habari ni Mama Junior. Tutaongea nyumbani.)

Mama Junior alikuwa na semina ya siku tatu, mimi nikajibandika kama kupe. Shemeji akatuelekeza vizuri: pale Heathrow pandeni treni ya chini ya ardhi, laini ya Piccadilly, msibadilishe popote, shukeni Covent Garden, nitawasubiri juu. Mpaka hapo sisi wenyeji kabisa.

Tatizo likawa lifti. Foleni yake ungedhani wanagawa sukari ya bei elekezi. Pembeni nikaona mlango wa ngazi na kibao: ngazi 193, sawa na jengo la ghorofa 15, zitumike kwa dharura tu. Mama Junior akakisoma kwa sauti.

"Baba Junior, umesikia?"

Nikamwambia mtu aliyezoea kupanda Mlima Mlimwa, pale kwetu Dodoma, anayeishi zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hawezi kutishwa na ngazi za watu wa bondeni. (Mlimwa nimepanda mara mbili, wadau. Ya pili niliishia nusu.) Nikatwika shangazi kaja begani, huyoo.

Ngazi ya 40 nilikuwa napiga mluzi. Ya 70 mluzi ukaisha wenyewe. Zile ngazi zinazunguka kama konokono, huoni utokako wala uendako, ni ukuta tu na mgongo wa aliyekutangulia. Aliyenitangulia alikuwa bibi kizee, na alikuwa anazidi kuniacha. Wagogo husema jina Dodoma limetokana na "idodomya", tembo aliyedidimia topeni. Ngazi ya 90 na kitu, tembo nilikuwa mimi.

Nikainama nishushe mzigo. Zipu ikasema krrrr.

Ukaanza kutoka unga wa uwele, ukatua pembeni kistaarabu. Halafu mfuko wa ubuyu, kilo tatu, ule mwekundu wa kupikwa, nimeununua mwenyewe Majengo. Nikaudaka. Jamani, niliudaka! Ila nailoni ni nailoni. Punje moja ikaanguka, tak. Ikasimama ukingoni mwa ngazi kama inasubiri ruhusa yangu. Ya pili, tak. Kisha kilo tatu zote zikaamua kurudi Heathrow. Zikapita kona, sizioni tena, nazisikia tu zinashuka, tak-tak-tak-tak, mbali, mbali zaidi, kama mvua juu ya bati, ile mvua ambayo sisi Dodoma tunaiota. Kimya.

Halafu kutoka chini kabisa, mtu akasema, "Aaah!"

Akapanda mzee wa Kizungu, ameshika punje moja kwa vidole viwili, wala hahemi. Akanikuta nimekaa, nimeshika kifua, mikono myekundu, shati jeupe nalo jekundu. Ile punje ikamdondoka.

Nikataka kumwambia ni ubuyu. Pumzi hamna. Na wewe unayecheka hapo, hebu sema "ubuyu" kwa Kiingereza huku unahema. Katika Kiingereza chote nilichosomeshwa nikapata neno moja: tamu. Nikalitamka, nikalamba kidole kumwonyesha.

Hapo ndipo alipopiga kelele za kuomba msaada.

Yaliyobaki ni mafupi. Akaja mhudumu na kisanduku chake, nyuma yake Mama Junior, akamweleza kwa Kiingereza cha semina kwamba huyu haumwi, ni mbishi tu. Wakafagia, tukaomba radhi, nikamalizia zile ngazi nikipumzika mara tatu. Big Ben tuliiona, mvua ikatunyea, tukarudi.

Shemeji nilimkabidhi ubuyu ulionusurika, haukujaa hata kiganja. Miaka minne hajaonja ubuyu wa nyumbani. Akatia punje mdomoni, akafumba macho, akamumunya taratibu, mimi namsubiri aseme.

"Shemeji, mbona una mchanga?"