Mtani akikufunga, kombe halikuokoi: maoni ya mwana Simba anayeishi Ohio

Kwenye grupu letu la wasap watu wananiuliza kila siku, huko Marekani unaangalia mpira gani sasa, na wengi wakisikia mpira wa Kimarekani wanawaza NFL, ile ligi ya kulipwa, na fainali yake Super Bowl. Mi nawaambia hapana, kama umekulia Dar na damu yako ni ya Msimbazi au Jangwani basi mpira wako huku ni wa vyuo vikuu, tena ukikaa Columbus, Ohio, utajiona uko nyumbani kabisa. NFL mwenye timu akikosana na mji anabeba timu yake anaenda nayo mji mwingine. Chuo kinahamia wapi?

Mechi yenyewe ni Ohio State, chuo cha hapa Columbus, na Michigan, chuo cha jimbo jirani. Walianza kukutana 1897, Yanga na Simba hata hawajazaliwa (1935 na 1936 kama mmesahau), na kabla ya mpira majimbo haya mawili yalishagombana mpaka wa Toledo 1835, wanamgambo wakatolewa kabisa, mwisho Ohio wakachukua Toledo na Michigan wakafidiwa na eneo kubwa la misitu kule kaskazini. Yani ni ugomvi wa mpaka wa shamba uliorithiwa na wajukuu wenye jezi. Wiki ya mechi, mwisho wa Novemba, ukipita chuoni Ohio State unakuta herufi M kwenye vibao vya majengo imepigwa alama ya X kwa utepe mwekundu. Mzee mmoja jirani yangu, mtu mzima na heshima zake, neno Michigan halimtoki mdomoni, anasema "ile timu ya kaskazini", kaurithi msemo kwa kocha wao wa zamani Woody Hayes aliyewafundisha 1951 hadi 1978. Sasa huyo ana tofauti gani na mjomba wangu wa Temeke ambaye Yanga kwake ni Utopolo mpaka leo, na wao wanatuita Makolo, na jioni wanakula ftari pamoja?

Haya sasa nije kwenye hoja yangu. Novemba 2024 Michigan walikuja hapa Columbus wakiwa wameshapoteza mechi tano, hovyo kabisa, Ohio State walikuwa na kikosi cha hela nyingi na wamefungwa mara moja tu, watu tukajua leo ni sherehe. Wakafungwa 13-10 nyumbani kwao, mbele ya watu zaidi ya laki moja! Wale jamaa wa Michigan wakaja kusimika bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikapigwa, polisi wakapuliza pilipili, vyuo vyote viwili vikapigwa faini ya dola 100,000, na mjumbe mmoja wa bunge la Ohio akapeleka muswada kwamba kusimika bendera pale uwanjani liwe kosa la jinai (nacheka mpaka leo, nyumbani Bunge likianza kujadili vurugu za Kariakoo si bajeti haitapita). Halafu kwa sababu mwaka huo ndo mtoano wa taifa ulipanuliwa kutoka timu 4 kwenda 12, Ohio State wakaingia hivyo hivyo na kidonda chao, wakawapiga Tennessee, Oregon, Texas, na Januari 2025 wakawafunga Notre Dame 34-23, mabingwa wa nchi.

Mwaka uliofuata ikawa kinyume. Ohio State wakaenda Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan, wakamtandika mtani 27-9, baada ya kufungwa naye kila mwaka kuanzia 2021, halafu kwenye mtoano wakatolewa na Miami na kombe likaenda Indiana, timu ambayo miaka yote ilikuwa jamvi la kufutia miguu.

Swali: mwaka gani ulikuwa mtamu? Vijana wa huku wanasema kombe ni kombe. Mi nakataa. Mwaka wa kombe watu walishangilia ndio, ila mwezi mzima kabla ya hapo walikuwa wanataka kocha Ryan Day afukuzwe, na hata baada ya kombe shabiki wa Michigan anakujibu neno moja tu, "13-10", unanyamaza. Nani asiyelijua hilo? Novemba 2023 Yanga walitufunga 5-1, mwambie mwana Simba yeyote kwamba ulikuwa msimu tu uone atakavyokuangalia. Notre Dame hakai mtaa wako. Mtani ndo mnakutana naye dukani, kazini, wengine mpaka chumbani, maana zipo nyumba hapa zimetundika bendera moja nusu nyekundu nusu bluu, mume huku mke kule.

Kuhusu sheria sitawachosha. Majaribio manne kusogea yadi 10, basi. Ila kuna moja naipenda sana, muda wa nyongeza: kila timu inapewa mpira yadi 25 kutoka mstari wa mwenzake ifunge, mkilingana mnarudia, na kuanzia awamu ya tatu ni shambulio moja moja tu la pointi mbili, kama penati zetu. 2021 Illinois na Penn State walifika awamu ya tisa, ikaisha 20-18. NFL hawana utamu huo.

Kinachoniudhi ni hizi konferensi, yani ligi ambazo vyuo vimejigawa. Zamani konferensi ilikuwa majirani, Big Ten ni vyuo vya ukanda huu wa katikati, mnacheza na mnayemjua. Televisheni ikaleta hela, sasa Big Ten ina timu 18, kuna UCLA kutoka Los Angeles yuko ligi moja na Rutgers wa New Jersey, wanafunzi wanapanda ndege saa tano kucheza mechi ya ligi. Oklahoma wamehamia SEC, konferensi ya vyuo vya kusini, mechi yao na Oklahoma State iliyochezwa zaidi ya miaka mia ikaishia 2023. Pac-12, konferensi ya pwani ya magharibi, ilibaki na timu mbili, jamani! Na timu 18 zikicheza mechi 9 za ligi kila moja ina maana karibu nusu ya wenzako hukutani nao, wa kucheza fainali ya ligi wanapatikana kwa mahesabu. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila mtu anakutana na kila mtu nyumbani na ugenini, hapo hawatufikii. Halafu kuna kamati inayopanga nani aingie mtoano, 2023 Florida State walimaliza 13-0 na ubingwa wa konferensi yao wakaachwa nje, kisa kwotabeki wao, yule mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, kaumia. Fikiria Yanga wamalize ligi bila kufungwa halafu waambiwe kipa wenu ana goti.

Lakini na sisi tusijisifu sana. Hawa jamaa wameuza ujirani, ila ile Jumamosi ya mwisho wa Novemba hawaigusi, ratiba inajulikana miaka mbele, nakata tiketi ya ndege ya mgeni wangu mapema bila wasiwasi. Sisi ujirani tunao, Msimbazi na Jangwani unatembea kwa mguu, ila derby ya tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa siku ile ile, Simba wamezuiwa kufanya mazoezi kwa Mkapa usiku wa kuamkia mechi, watu wameshatoka Mwanza na Mbeya kwa basi, ikaja kuchezwa 25 Juni na tukafungwa 2-0. Watu wa diaspora walioomba ruhusa kazini ili waamke kuangalia nani aliwarudishia hiyo siku?

Kwa hiyo wa Yanga mnaoandaa majibu, mnijibu hoja, msinitumie tena ile picha ya vidole vitano.