Volkswagen Imefungwa, Mafundi Wamejaa

Ndugu zangu, ufunguo wa gari umepotea. Umepotea Kariakoo, saa saba mchana, na msiniulize niliuweka wapi, maana mama watoto ameshauliza kwa simu na majibu yameniishia. Milango imelokiwa yote. Kiti cha nyuma kuna kapu la changu wa Feri, wamenitolea macho kupitia kioo kana kwamba mimi ndiye niliyewavua.

Gari lenyewe ni Volkswagen ya 1972, ile ya mgongo wa kobe. Gari la umri huo likikwama halikosi wasaidizi. Mpiga debe alileta rula. Muuza miwa alileta kisu. Kijana wa maegesho alileta risiti.

Nikaitiwa fundi funguo. Akalizunguka gari taratibu kama daktari bingwa, akauliza, "Mzee, rimoti yake iko wapi?"

Mwanangu, huku bara televisheni yenyewe tumeizoea miaka ya tisini, rimoti ya gari la 1972 niitoe wapi?

"Basi chipu yake?"

Nikamwambia chipsi zinauzwa pale kona, na mayai wanaweka.

Hakucheka. Akasema anataka boneti, akate waya wa alamu. Akaanza kuhangaika na pua ya gari. Nikamweleza kwa upole kwamba huko mbele ni buti, injini iko nyuma. Akanitazama kwa huruma, akaenda nyuma, akafungua, akachungulia, halafu akapiga ukelele: "Mzee, rejeta wamekuibia!"

Umati ukaguna. Nikapewa pole na watu nisiowajua. Nikajikohoza, nikaeleza kama mkuu wa chuo kwamba injini hii inapoozwa kwa upepo, tangu izaliwe haijapewa maji. Mama ntilie akasema ndiyo maana imenuna.

Hapo akatokea mzee mmoja wa kanzu, akachukua waya, akaupenyeza kwenye mpira wa kile kidirisha cha pembetatu. Mtu anayejua kazi! Waya ukagusa komeo kabisa. Akasita, akatugeukia: "Gari la aina hii lilichukua mbio za magari za Safari Rally 1962."

Mpiga debe akasema gari ni Datsun, dereva Shekhar Mehta alichukua nayo mara 5. Mzee akauchomoa waya ili apate mkono wa kubishania. Akaja mtu wa Peugeot. Jua la utosi, samaki ndani, na watu wazima wanagombania matope ya Safari ambayo wengine wao hawakuwahi kuyaona! Jamani, NIFUNGULIENI GARI!

Likafunguliwa. Nikaingia, nikakaa, nikashika usukani. Usukani umejifunga, na ufunguo wa swichi ulikuwa pete moja na ule uliopotea. Fundi akainama dirishani, safari hii anatabasamu: "Bei tuliyopatana ni ya mlango, mzee." Mlango wenyewe kafungua mwingine!

Nimerudi na daladala. Konda anasema kapu lilipe nauli kwa sababu linanuka kuliko abiria. Nyumbani umeme hakuna, kwa hiyo changu wote wakaangwe usiku huuhuu, kwa mkaa wa bei hii tunayoijua. Na yule jirani yangu aliyenipita Kariakoo huku akipandisha kioo, sasa hivi yuko mlangoni. Kaja na sahani.