Mradi wa mwaka wa mwisho si lazima uanze sifuri

Kila ifikapo Juni na Julai, steshenari zilizo jirani na vyuo vya Moshi na Arusha huwa na foleni. Wanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa mwisho wanachapa na kubaindi ripoti za miradi yao: mfumo wa kusimamia hosteli, programu ya simu ya kuagiza chakula, mfumo wa mahudhurio, programu ya kuita bodaboda, halafu mfumo mwingine tena wa kusimamia hosteli. Nimewahi kualikwa kwenye jopo la kuwasikiliza wakitetea kazi hizo, na wengi wao wamejituma kweli. Ila ukiulizia baadaye ile programu iko wapi, haipo. Haikuwahi kupata mtumiaji hata mmoja, na mwenye nayo keshaanza kuzunguka na bahasha ya vyeti.

Mimi naona mwanafunzi anayetaka kutengeneza programu ya simu aruhusiwe kufanyia mradi wake ndani ya programu huria (yaani ile ambayo msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha) ambayo tayari ipo, inatumika, na ina watu wanaoitunza. Aongeze kitu kinachokosekana, arekebishe kinachosumbua, kisha aje mbele ya jopo aeleze alichofanya.

Wazo hili lilinikaa kichwani kwa sababu ya binti mmoja wa mwaka wa tatu anayekuja kwangu kuomba ushauri. Alitaka kuifanyia kazi StreetComplete, programu ya Android inayokuuliza maswali ukiwa unatembea mtaani. Barabara hii ina lami au ni ya vumbi? Duka hili hufunguliwa saa ngapi? Nyumba hii ni namba ngapi? Ukijibu, jibu lako linaingia OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na kuitumia bure. Utaalamu wa ramani hauhitajiki, macho na miguu vinatosha. Kwa kuwa maswali mengine hayafai kila nchi, programu yenyewe ina utaratibu wa kuzima swali fulani kwa nchi fulani. Sasa nani ataamua lipi linafaa mitaa ya Moshi kama Pasua au Majengo na lipi halifai, kama si anayepita huko kila siku? Swali la lami na vumbi, kwa mfano, mtu wa bajaji atakuambia wakati wa masika lina uzito gani.

Chuo kilimkatalia. "Kaka, wamesema mradi lazima uwe wangu kuanzia mwanzo," aliniambia. Basi akatengeneza mfumo wa hosteli (ndiyo, na yeye), akapata alama zake, na ile kazi ya ramani akawa anaifanya jioni.

Tofauti ya kazi hizo mbili ndiyo inayonifanya niandike. Msimbo wa mfumo wa hosteli hakuna aliyeusoma. Jopo liliona vitufe vikibonyezwa ukutani kwa projekta, likauliza maswali mawili matatu, likashukuru. Mabadiliko aliyotuma kwenye programu huria yalirudishwa na maelezo kibao: umechanganya mambo matatu, yatenganishe, jina hili la kigezo halieleweki, andika jaribio la kuthibitisha kwamba hujaharibu kingine. Alinuna siku nzima. Kisha akarekebisha, akatuma tena. Na kabla ya kuandika mstari wake wa kwanza, alikuwa ametumia muda mrefu kusoma tu, akifuatilia msimbo wa Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, ulioandikwa na watu asiowajua ili aelewe kwa nini waliuandika hivyo.

Huo ndio ujuzi unaotafutwa kazini. Hakuna kampuni ya utalii Arusha itakayokuajiri ikupe ukurasa mweupe. Utakabidhiwa mfumo wa kupokea oda za safari ulioandikwa zamani na mtu aliyekwishahama, hauna maelezo, na wageni wanatua uwanja wa ndege wa KIA kesho. Anayejua kuanza upya tu ataomba aandike upya. Anayejua kusoma kazi ya mwenzake atakaa, atatafuta kosa lilipo, atalirekebisha.

Wahadhiri niliozungumza nao wana hoja, na hoja zao si za kupuuza. Ya kwanza ni alama: utajuaje mwanafunzi kafanya nini ndani ya programu yenye wachangiaji wengi? Hili naona ni rahisi kuliko linavyosikika. Miradi mingi ya aina hii hutunzwa kwa Git, chombo cha kuweka kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya mfumo endeshi wa Linux, na kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya na tarehe. Tuambizane ukweli pia: mijini kuna vijana wanaouza miradi ya mwaka wa mwisho, ripoti ikiwa ndani ya bei. Mfumo wa hosteli unaweza kununuliwa. Mabishano ya miezi mitatu, hadharani, na watu walio nchi nyingine ambao hawana sababu ya kukubeba, utayanunua wapi?

Ya pili ni nzito zaidi. Kukubaliwa kwa mchango hakuko mikononi mwa mwanafunzi. Watunzaji wengi wanajitolea, wanaweza kukaa wiki kadhaa bila kujibu, au wakakataa kwa sababu zao. Kwa hiyo alama zisifungwe kwenye kukubaliwa. Zitolewe kwa kazi yenyewe, kwa jinsi alivyopokea ukosoaji, na kwa uwezo wake wa kulieleza jopo sehemu ya programu aliyoigusa.

Na isiwe lazima kwa wote. Oktoba 2020, shindano la Hacktoberfest lililokuwa likitoa fulana kwa wanaochangia programu huria lilifurika mabadiliko ya hovyo, watu wakiongeza neno moja lisilo na maana ili mradi wahesabiwe, hadi waandaaji wakabadili masharti ili miradi ishiriki kwa kuomba yenyewe. Chuo kikiwalazimisha wanafunzi mia kuchangia, kitazalisha fujo ileile na jina la chuo litaharibika huko nje.

Kuna wanaosema huku ni kuwafanyia wazungu kazi ya bure. Kwa watu wa Moshi hoja hii inanishangaza kidogo. Huu ni mji wa KNCU, ushirika wa kahawa ulioanza mwaka 1933, na huko juu mlimani mifongo inayopeleka maji mashambani imesafishwa na wote wanaoitumia tangu enzi za mababu. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ulitumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko, na ramani hizo zikaingia OpenStreetMap. Ramani hiyohiyo ndiyo iliyo ndani ya OsmAnd na Organic Maps, programu zinazofanya kazi bila intaneti, ambazo mgeni au mwongoza watalii anaweza kuwa nazo mfukoni akiwa porini. Kijia cha Uru, huko juu mlimani, kikiwekwa sawasawa kwenye ramani hiyo, anayenufaika ni nani?

Malipo nayo yapo kwa anayeyafuata. Google Summer of Code, mpango wa kampuni ya Google ulioanza mwaka 2005, huwalipa wachangiaji wapya wa programu huria, na tangu mwaka 2022 si lazima uwe mwanafunzi. Ushindani ni mkali, na mara nyingi aliyekwisha kuonekana akichangia ndiye anayeanza akiwa na nafasi nzuri.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vifaa. Android Studio, programu ya kutengenezea programu za Android, inataka RAM ya GB 8 kwa uchache, na emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) juu yake inakwamisha laptopu nyingi za wanafunzi, ndiyo maana wengi huchomeka simu zao kwa waya na kujaribia humo. Mara ya kwanza unapojenga mradi mkubwa, Gradle, chombo kinachounganisha msimbo kuwa programu kamili, hushusha mafaili mengi hadi bando la wiki linakata kabla hujaona skrini ya kwanza. Hapa chuo kinaweza kusaidia bila hata kusubiri mtaala ubadilishwe: kompyuta chache zenye RAM ya kutosha, mafaili hayo yakiwa yameshapakuliwa na kuhifadhiwa kwenye seva ya ndani, na maabara iachwe wazi hadi saa nne usiku. Mlinzi yupo hata hivyo.