Chaguo la Kwanza la Chicago Bears: Kuliuza au Kulitumia

Jumapili ya tarehe 8 Januari 2023, mjini Indianapolis, katika mchezo wa futiboli ya Marekani, Houston Texans walikuwa nyuma ya Indianapolis Colts kwa alama saba na saa ikielekea ukingoni. Lilikuwa jaribio lao la nne na la mwisho, na walihitaji yadi 20 ili waendelee kushika mpira. Davis Mills akaurusha, Jordan Akins akaudaka ndani ya eneo la mwisho, alama sita, na zikabaki sekunde 50. Teke moja la alama moja lingetosha kusawazisha. Kocha Lovie Smith hakulitaka. Aliamuru wachezaji wake watafute alama mbili, na Akins akadaka tena. Texans 32, Indianapolis Colts 31.

Laiti wangefungwa, Texans wangemaliza msimu wakiwa timu mbovu kuliko zote, na timu mbovu kuliko zote ndiyo huchagua mchezaji wa kwanza. Kwa kushinda walikikabidhi kiti hicho kwa Chicago Bears, waliokuwa wamepoteza michezo kumi mfululizo na kumaliza na ushindi mara tatu tu katika michezo 17. Smith, ambaye zamani aliifundisha Bears hiyohiyo kwa misimu tisa, alifukuzwa kazi siku ileile. Mashabiki wa Chicago hawakupata hata muda wa kumshukuru, kwa sababu mabishano yalianza mara moja: chaguo hili tulitumie au tuliuze?

Kwa msomaji aliyezoea dirisha la usajili, ambamo Simba au Yanga huchukua mchezaji kwa uzito wa mfuko wao, utaratibu wa Marekani unahitaji maelezo mafupi. Ligi ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ina timu 32. Kila mwezi wa Aprili hufanya drafti (siyo ile ya kete na vizibo vya soda barazani), ambapo timu hupokezana kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, raundi saba, aliyefanya vibaya akitangulia. Zamu ni mali: inaweza kuuzwa, kubadilishwa au kuwekwa rehani miaka kadhaa mbele. Na mali ya thamani kuliko zote humo ni zamu inayoweza kuleta kwotabeki, yule anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua uende wapi.

Upande wa wauzaji ulikuwa na hoja nyepesi kueleweka. Bears tayari walikuwa na kwotabeki kijana, Justin Fields, aliyechaguliwa wa 11 mwaka 2021 na ambaye msimu wa 2022 alikimbia na mpira yadi 1,143, kiasi ambacho makwotabeki wachache sana katika historia ya ligi wamewahi kufikia. Kilichokosekana ni kila kitu kingine. Kwa nini basi kuchukua kijana mmoja wakati kuna timu zilizo tayari kutoa wachezaji wanne au watano kwa ajili ya zamu hiyo?

Wauzaji walikuwa pia na wataalamu nyuma yao. Wanauchumi Cade Massey na Richard Thaler, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2013, walionyesha kwamba timu hulipa kupita kiasi ili kupanda juu ya orodha. Mchezaji aliyechaguliwa kabla ya mwenzake wa nafasi ileile humzidi mara chache kuliko tungetarajia, uwezekano wake ukiwa kidogo tu juu ya nusu kwa nusu, ilhali timu hufanya biashara kana kwamba zinaiona kesho. Chicago hawakuhitaji mwanauchumi wa kuwaeleza hayo. Mwaka 2017 walitoa chaguo la tatu, la 67, la 111 na la raundi ya tatu ya mwaka uliofuata ili wapande hatua moja tu, kutoka nafasi ya tatu hadi ya pili, wakamchukua kwotabeki Mitchell Trubisky. Patrick Mahomes, kwotabeki aliyekuja kuwa bingwa, alikuwa bado yupo, akasubiri hadi nafasi ya kumi.

Hata hivyo, utafiti huo ulitumiwa na mashabiki kwa pupa. Takwimu zake zilitoka enzi ambayo chaguo la kwanza lilikuwa ghali mno: mwaka 2010 Sam Bradford alisaini mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, milioni 50 zikiwa za uhakika. Mkataba mpya kati ya ligi na wachezaji uliweka kikomo, na mwaka mmoja tu baadaye Cam Newton, naye chaguo la kwanza, alipata dola milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo kijana wa kwanza si mzigo tena. Kwotabeki mzuri aliye kwenye mkataba wake wa kwanza ndiye bei nafuu kuliko zote katika mchezo huo, kwa kuwa wenzake wenye majina wanalipwa zaidi ya dola milioni 50 kwa mwaka mmoja. Hii ndiyo iliyokuwa hoja nzito ya upande wa wachaguaji, na nashangaa ni wachache kiasi gani walioitumia. Wengi walibaki kubishana kuhusu urefu wa Bryce Young, mmoja wa makwotabeki wa vyuoni waliokuwa wakisubiri kuchaguliwa.

Tarehe 10 Machi 2023 meneja mkuu wa Bears, Ryan Poles, aliuza. Carolina Panthers walitoa chaguo la 9 na la 61 la mwaka huo, la raundi ya kwanza la 2024, la raundi ya pili la 2025, na mpokeaji wao bora, DJ Moore. Lipo jedwali la zamani ambalo Dallas Cowboys wa kocha Jimmy Johnson walilitunga mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili kupima biashara za namna hii. Humo chaguo la kwanza lina pointi 3,000, la 9 lina 1,350 na la 61 lina 292. Yaani mali iliyoonekana siku ile ilifika pointi 1,642, kidogo zaidi ya nusu ya bei. Nusu nyingine ilikuwa Moore pamoja na ahadi mbili ambazo thamani yake ilitegemea Panthers wenyewe watacheza vipi.

Nao walicheza vibaya kupindukia. Walimchukua Young, lakini walikuwa wameuza makasia ili wanunue mashua: kijana anayerusha mpira alifika na kukuta mtu bora wa kumrushia amekwisha hamia Chicago. Young aliangushwa na mpira mkononi mara 62, kocha Frank Reich alifukuzwa baada ya michezo 11, na Panthers wakamaliza na ushindi mara mbili. Huko Chicago, Moore alikusanya yadi 1,364.

Wengi wanahitimisha hapa kwamba wauzaji walishinda mabishano. Mimi naona walishinda nusu tu. Kupata mlinzi Darnell Wright, Moore na zamu za ziada ilikuwa biashara halali iliyopimwa vizuri. Lakini kwamba zamu ya Panthers ya 2024 ingegeuka kuwa ya kwanza tena, hilo halikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Ingeweza kuwa ya 15 au ya 20, na leo tungekuwa tunasimulia mengine. Isitoshe, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2023, kwotabeki C.J. Stroud, alikwenda kwa Texans haohao waliojiharibia zamu Indianapolis, akarusha yadi 4,108 na kuwafikisha kwenye mtoano katika msimu wake wa kwanza. Chicago wangeweza kumchukua. Anayemsifu Poles kwa bahati ya Panthers hana budi kumdai Stroud pia.

Mwaka 2024 swali lilirudi likiwa limevaa nguo nyingine, na hapo ndipo nilipoona jinsi msimamo wa shabiki unavyofuata moyo kuliko kanuni. Tarehe 31 Desemba 2023, Panthers walifungwa 26 kwa 0 huko Jacksonville, matokeo yaliyoihakikishia Bears chaguo la kwanza. Alasiri hiyohiyo, kwenye uwanja wao wa Soldier Field, Fields aliiongoza Bears kuwafunga Atlanta Falcons 37 kwa 17, na uwanja ukamwimbia kwamba wanamtaka yeye. Fikiria hali hiyo: mashabiki wanaimba jina la kwotabeki wao wakati ufunguo wa kumwondoa unaingia mfukoni mwa meneja.

Safari hii naamini wauzaji walikosea, na sababu ni kalenda. Fields alikuwa anaingia mwaka wake wa nne. Klabu ililazimika kuamua mwanzoni mwa Mei kama itampa mwaka wa tano wenye mshahara unaozidi dola milioni 25. Katika michezo 38 aliyoianza alikuwa ameshinda 10. Kumbakiza kulimaanisha kuanza kulipa bei ya mtu mzima kwa mchezaji ambaye bado ni swali. Kumchagua Caleb Williams, kwotabeki kijana kutoka chuoni, kulirudisha saa nyuma miaka minne, kwa mkataba wa takriban dola milioni 39.5 kwa muda wote huo. Hoja iliyokuwa sahihi mwaka 2023, kwamba tunaye kijana wa bei nafuu, ilikuwa imekwisha muda wake, lakini wauzaji waliendelea kuinukuu kama ilivyo. Mwezi Machi Fields alikwenda Pittsburgh Steelers kwa chaguo la raundi ya sita lenye masharti. Soko lilikuwa limeshasema.

Watetezi wa Fields walibaki na hoja moja ambayo sikuona ikijibiwa. Walisema kwamba hakuna kwotabeki atakayeng'ara nyuma ya ukuta ule wa walinzi, na kwamba kubadilisha mrushaji bila kubadilisha wanaomlinda ni kumtoa kafara mwingine. Msimu wa 2024 Williams aliangushwa mara 68, idadi kubwa kuliko ya kwotabeki yeyote katika ligi mwaka huo, na Bears wakashinda michezo mitano. Kocha Matt Eberflus hakufika Desemba.

Machi 2025 Poles aliwaleta Joe Thuney kutoka Kansas City na Jonah Jackson kutoka Los Angeles, akamsajili na Drew Dalman kucheza katikati. Walinzi watatu wapya kwa mwezi mmoja, na hakuna hata mmoja wao ambaye Bears walimchagua wenyewe kwenye drafti.