Haibridi mjini Dar: kubembeleza pedali au kukanyaga?

Pale kijiweni Makumbusho, madereva wa teksi za mtandao wanapoegesha magari wakisubiri simu zilie, kuna ubishi usioisha. Simba na Yanga wana dakika tisini, huu hauna. Unahusu mguu wa kulia: ukitoka kwenye mataa na gari la haibridi, lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, uondoke vipi ili mafuta yadumu?

Upande mmoja yuko mzee wetu mmoja mwenye Aqua. Kwake yeye polepole ndiyo mwendo. Anaibembeleza pedali, macho kwenye kile kimstari cha dashibodi kinachoonyesha nguvu unayoiomba, kisivuke katikati, na akiweza anataka injini isiwake kabisa mpaka akutane na foleni inayofuata. Upande wa pili kuna kijana wa Prius anayesema mzee anajidanganya. Ondoka kwa nguvu ya wastani, ufike upesi kwenye mwendo unaoutaka, kisha achia mguu gari liteleze. Wote wawili wanapeleka hesabu kwa bosi, kwa hiyo hawabishani kwa kupoteza muda. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA ikitangaza bei kikomo za mafuta, mjadala unafufuka.

Mimi nilikuwa kambi ya mzee kwa muda mrefu. Siku hizi nimehamia kwa kijana, ila si kwa kila barabara ya mji huu.

Hoja ya mzee ina mashiko. Haibridi ilitengenezwa hasa kwa ajili ya mwendo wa kusimama na kuondoka. Tangu Prius ya kwanza ilipoingia sokoni Japani mwaka 1997, wazo limekuwa lile lile: injini ya petroli ni mvivu na mlafi ikiwa kwenye mwendo mdogo, basi kazi hiyo apewe mota ya umeme. Foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, unasogea mita tano unasimama, unasogea nne unasimama. Hapo kuwasha injini ili usogee mita tano ni hasara tupu. Mzee anasogea kimyakimya kwa betri huku jirani yake wa IST, isiyo haibridi, injini inanguruma bila kwenda popote. Anayemcheka hapo hajui anachokicheka.

Tatizo linaanza pale mzee anapotumia neno “bure”. “Natembea bure,” husema, akionyesha kuwa injini imezimika. Lakini Aqua yake haichomekwi ukutani. Hakuna waya wa TANESCO unaoingia mle. Umeme wote ulio kwenye ile betri ulinunuliwa sheli kwa lita, kisha ukageuzwa. Injini imezungusha jenereta, jenereta ikajaza betri, betri ikaja kulisha mota, na kila unapopokelewa umeme unakatwa kidogo, kama pesa inayopita kwa mawakala watatu. Ukijumlisha makato hayo, robo hivi ya nguvu au zaidi inapotea njiani. Umeme unaotokana na breki, mota inapogeuka jenereta gari likipunguza mwendo, ndio ninaokubali kuuita wa kuokota, kwa sababu nguvu ile ingeishia kuwa joto kwenye magurudumu. Hata huo, haurudi wote.

Tupige hesabu ndogo. Aqua ina uzito wa kilo 1,080 hivi, na watu wawili ndani tuseme 1,250. Kulifikisha gari hilo kilomita 50 kwa saa kutoka kusimama kunahitaji kama kilojuli 120 za nguvu ya mwendo. Lita moja ya petroli ina kama kilojuli 32,000. Injini ikifanya kazi vizuri, ikigeuza asilimia 36 hivi ya petroli kuwa mwendo, safari hiyo ya kutoka sifuri hadi 50 inakula mililita kumi na kidogo: vijiko viwili vya chai. Ukiipitisha nguvu hiyo hiyo kwanza kwenye betri, na makato yale, vinakaribia vitatu. Na injini ikifanya kazi vibaya, kwa asilimia 25 tu, ni vitatu vile vile. Kijiko kimoja kinaonekana kichekesho mpaka uhesabu mara ngapi kwa siku unaondoka kutoka kusimama, Tegeta hadi Posta na kurudi.

Sasa, injini inafanya kazi vizuri lini? Hapa ndipo kijana anaposhinda, ingawa yeye mwenyewe hawezi kueleza kwa nini. Anajua tu kwamba tangi lake linachelewa kuisha. Injini ya petroli inapoombwa nguvu kidogo sana, mlango wake wa hewa unakuwa umebanwa, nayo inahangaika kuvuta pumzi. Ni kama kunywa dafu kwa mrija uliobanwa na vidole: unachoka kuliko unachokunywa. Ukiiomba kazi ya maana, mlango unafunguka, pumzi inaingia, na kila tone la petroli linazaa zaidi. Injini za haibridi za Toyota zinatumia mzunguko unaoitwa Atkinson, kwa jina la Mwingereza James Atkinson aliyeubuni karne ya 19, ambao unaukamua moto wa mlipuko mpaka mwisho. Prius ya mwaka 2015 ilitangazwa kufikia asilimia 40, kiwango kikubwa kwa injini ya petroli. Lakini kiwango hicho hukipati kwa kuibembeleza. Kwa magari haya ya lita 1.5 na 1.8, eneo tamu liko kama kati ya kilowati kumi na ishirini na tano.

Rudi kwenye zile kilojuli 120. Ukizitumia kwa sekunde kumi, unaomba kilowati 12 kwa wastani, yaani kilojuli 12 kila sekunde, na ukiongeza upepo na msuguano wa matairi uko katikati ya eneo tamu. Ukizinyoosha kwa sekunde thelathini, unaomba nne. Nne ni za betri, au za injini inayonyonya mrija uliobanwa. Na mzee hata akisema betri itabeba, betri ya Aqua ina kama sehemu tisa za kumi za uniti moja ya umeme, na kompyuta haikuachii uitumie yote. Inakupa theluthi hivi ya uniti, basi. Kuondoka mara nane namna ile, bila breki kurudisha kitu, inakuwa imekwisha. Baada ya hapo injini inawaka itake isitake, tena inawaka ikiwa na kazi mbili: kukusukuma wewe na kulipa deni.

Kuna kambi ya tatu kijiweni, nayo haihitaji aya ndefu: wanaokanyaga mpaka chini. Ukifanya hivyo injini inapiga mizunguko ya juu kabisa, msuguano unapanda, kimstari kinaingia eneo la PWR, la nguvu nyingi, na unaloambulia ni kuwahi kusimama kwenye mataa yanayofuata. Aliyesikia kwamba “kukanyaga kunabana mafuta” akaelewa hivi, amesikia nusu ya habari. Ile sauti nayo inawachanganya wengi. Haibridi za Toyota hazina gia za kupanda moja, mbili, tatu. Nguvu ya injini na ya mota inagawanywa kwenye seti moja ya gia za mduara. Kwa hiyo ukikanyaga kiasi, injini inalia kwa sauti moja kama mashine ya kusaga huku mwendo ukipanda taratibu. Abiria anadhani unalitesa gari. Hulitesi.

Kwa nini basi simkabidhi kijana ushindi wote? Kwa sababu hoja yake ina sharti ambalo Dar hailitimizi mara nyingi: mbele pawe wazi. Vijiko viwili vyako vya petroli vina thamani kama utaachwa uteleze navyo. Ukiondoka vizuri kabisa, injini kwenye eneo tamu, halafu baada ya mita themanini bajaji ikakuchomekea na ukakanyaga breki ya ghafla, umetupa karibu vyote. Breki ya umeme ina kikomo cha inachoweza kupokea kwa mara moja. Breki ya taratibu unayoianza mbali inakurudishia kama nusu. Breki ya kushtuka inaamsha pedi za kawaida na nguvu inaondoka kama joto. Kwa hiyo upole wa mzee ni dhahabu, ila ameuweka upande usiofaa. Anakuwa mpole wakati wa kuondoka, ilhali mahali pake hasa ni wakati wa kusimama.

Ndiyo maana nazitenga barabara. Morogoro Road kuanzia Kimara kwenda Kibaha, ilipopanuliwa, au Bagamoyo Road asubuhi ya Jumapili: naendesha kama kijana. Kimstari kinapita katikati ya eneo la ECO, la kubana mafuta, bila woga, sekunde kumi au kumi na mbili niko hamsini, kisha nalegeza mguu. Hamsini nimeitaja kwa makusudi, maana ndiyo mwendo wa maeneo ya makazi, na faini ya tochi moja inameza akiba ya vijiko vingi. Katikati ya Kariakoo, au Mwenge jioni, naendesha kama mzee: betri isogeze, na naacha nafasi mbele ili nisilazimike kusimama kila mara. Bajaji zitaijaza nafasi hiyo. Ziache.

Kuna kitu kingine ambacho mzee hapendi kukisikia. Mataa yakiruhusu halafu wewe wa kwanza ukatumia sekunde thelathini kufika hamsini, magari matatu manne ya nyuma yako yanakosa zamu. Hata kama umeokoa kijiko, umewamwagia wenzako kikombe. Simaanishi upigiwe honi ndipo uondoke kwa hasira. Nasema barabara ni ya watu wengi.

Na joto letu nalo lina sauti katika ubishi huu. AC ya haibridi inaendeshwa kwa umeme. Mchana wa Februari, ikivuta kilowati moja hivi, ile theluthi ya uniti inaisha kwa dakika ishirini hata kama gari halijasogea hatua. Ndiyo maana injini inawaka umesimama kwenye foleni na dereva mgeni anadhani gari lina ugonjwa. Hakuna mtindo wa mguu utakaoliponya hilo. Angalia pia matundu ya hewa ya betri huko kwenye kiti cha nyuma: abiria akiyafunika kwa begi, au vumbi likiyaziba, betri inapata joto na kompyuta inaibania, na hapo mzee na kijana wote wanashindwa. Halafu wapo wanaoshuka mteremko wa Chuo Kikuu wameweka gia huru, N, “ili gari liteleze”. Kwenye haibridi, N inazuia betri isijazwe. Mteremko wote unapita hivi hivi.

Dakika ya kwanza asubuhi nayo ina sheria zake. Injini inawaka ili ijipashe moto yenyewe na kusafisha moshi wake, na muda huo kukanyaga hakuna faida. Hapo namfuata mzee bila ubishi.

Kama mtu anataka ushahidi wake mwenyewe, asitegemee namba ya dashibodi peke yake. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, andika kilomita, endesha wiki kwa mtindo mmoja, jaza tena sheli ile ile, gawanya. Wiki ya pili geuza mtindo, njia zikiwa zile zile. Usijilinganishe na kilomita 35.4 kwa lita ambazo Aqua ilitangaziwa Japani mwaka 2011 kwa kipimo cha maabara. Kijiweni sijamkuta hata mmoja aliyezifikia.

Kijana alijaribu kuniambia kwamba ukizoea kusoma mataa ya mbele unaweza kuvuka mji mzima bila kusimama. Nilimuuliza amesahau trafiki. Mataa yanaweza kuwa ya kijani mbele yako na bado yule mwenye sare nyeupe akainua mkono, upande wa pili ukapita dakika tano. Kwenye makutano ya namna hiyo kusoma mbele hakusaidii. Nikimwona tu kwa mbali amesimama katikati ya njia, naachia mguu mapema, betri inaokota inachoweza, na akinipungia nipite natoka taratibu kama mzee.